Mtego Hauoti Wenyewe

Maji yalikuwa yamekupwa na ufuo wa Shanzu umejianika hadi karibu na mwamba. Chini ya mvinje nilimkuta mzee mmoja ameketi juu ya kipande cha turubai, magoti ameyapanua, katikati yake lema ambalo halijafika nusu. Mkono wa kushoto ulishika ukingo. Wa kulia ukachukua ufito wa mwanzi uliopasuliwa, ukaupitisha juu ya wenzake, ukauzamisha chini ya mwingine, ukauvuta hadi ukakaza. Tundu la pembe sita likajitokeza. Akalipima kwa kutia vidole viwili, akaendelea na la pili. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho. Kisha, kwa kutaka tu kuanzisha mazungumzo, nikamwambia, "Mzee, naona wafuma mtego."

"Hili ni lema," akasema. "Likiwa hapa mchangani ni kikapu. Mtego litakuwa siku nikilitega."

Nikakaa hapo hapo mchangani. Kiswahili ndicho kinachonilisha; kwa zaidi ya miaka ishirini nimehariri habari za wenzangu, nimebishana juu ya koma na ngeli, nimefungua kamusi hadi zikachanika migongo. Sijawahi kusikia neno likifafanuliwa sawasawa namna ile, tena na mtu ambaye mikono yake haikusimama kazi hata kidogo.

Kauli hiyo imenikaa kwa sababu inagusa jambo linaloniuma. Fungua redio jioni yoyote. Vijana wanaswa katika mtego wa mikopo. Wasichana watumbukia katika mtego wa kazi za ng'ambo. Kuna mtego wa madeni, mtego wa umaskini, mtego wa dawa za kulevya, mtego wa kamari. Ukisikiliza sana utadhani mitego huchipuka yenyewe kama uyoga baada ya masika, na mwenye kunaswa alikosea tu njia. Hakuna anayeuliza swali ambalo neno lenyewe linalidai: nani aliutega?

Tuanze na umbo lake. Mtego umetokana na kutega kama mchezo ulivyotokana na kucheza, msemo na kusema, mwendo na kwenda. Ile -o ya mwisho ni alama kwamba kitu hiki ni tunda la kitendo. Hakuna mchezo pasipo wa kucheza, wala msemo pasipo aliyesema. Mzee wa Shanzu alikuwa sahihi kuliko wahariri wengi: fito, kamba na chambo vikiwa vimelundikwa ufuoni si mtego bado. Mtego huanza pale mtu anapovichukua na kuviweka mahali fulani, saa fulani, akimwazia kiumbe fulani.

Halafu tazama vitenzi viwili vinavyotembea na neno hili, kutega na kunasa. Mtu hutega, mtego hunasa. Hakuna mzungumzaji atakayesema mtego umemtega panya. Kutega kunataka akili, nia na subira, na vyote vitatu havimo ndani ya kamba. Kunasa kunabaki kuwa kazi ya kamba. Gazeti likiandika kwamba vijana "wanaswa", limeianza hadithi katikati, na nusu ya kwanza, ile yenye mtu ndani yake, imeachwa nje ya ukurasa.

Kabla sijarudi kwenye lawama, niruhusu nikae kidogo na uzuri wa kitenzi chenyewe, maana kutega hakukuzaliwa na ubaya. Mvua ikianza kunguruma upande wa bahari, mama wa Shanzu hutoka na ndoo, sufuria na hata beseni la kufulia, akaziweka chini ya mchirizi wa mabati. Anatega maji. Mtu akitaka kusikia kinachosemwa chumba cha pili hutega sikio. Anayekubali kubebeshwa mzigo hutega mgongo. Katika yote hayo mtu anajiweka mahali ambapo kitu kitapita, kisha anatulia akisubiri. Hakimbizi, hanyang'anyi. Ndiyo tofauti ya kutega na kuwinda: mwindaji hukifuata kitu, mtegaji hukisoma.

Na usomaji huo ni wa kale mno. Malcolm Guthrie, katika juzuu zake nne za ulinganishaji wa lugha za Kibantu zilizotoka kati ya mwaka 1967 na 1971, aliuweka mzizi -teg- miongoni mwa mizizi iliyotapakaa katika jamii nzima ya lugha hizi. Mkikuyu ana mũtego, Mganda ana omutego, Mnyarwanda ana umutego. Mshona wa Zimbabwe husema kuteya. Hapa kwetu Mijikenda sauti imegeuka kidogo kwa kawaida yao: mti wetu kwao ni muhi, kutuma ni kuhuma, na kutega ni kuhega, nao mtego ni muhego. Kutoka Shanzu ukivuka daraja la Mtwapa kuingia Kilifi, neno linabadili konsonanti moja tu na kuendelea na safari. Hatukulipokea kutoka kwa mabaharia, kama tulivyoipokea bendera kwa Wareno. Tulikuwa nalo kabla ya jahazi la kwanza kutia nanga.

Lililonishangaza zaidi ni sikio. Nilidhani kutega sikio ni ufundi wa Waswahili peke yao. Kumbe Mkikuyu naye husema gũtega matũ, Mganda okutega amatu, Mnyarwanda gutega amatwi, wote wakimaanisha kusikiliza kwa makini. Wachewa wa Malawi wana kitenzi kingine kabisa cha kutega, kutchera, wala hakihusiani na chetu kwa sauti. Lakini nao, wakitaka usikilize, hukwambia tchera khutu. Neno limebadilika, wazo limebaki vilevile. Watu wa nchi zilizotengana kwa mwendo wa majuma waliona kwamba sikio linalosikiliza vizuri linafanana na kitanzi kilichowekwa njiani: halifuati maneno, linayangoja yapite.

Kuna na kitendawili. Mwenye kuanza hutoa sauti, "Kitendawili!" nao walioketi hujibu, "Tega!" Sasa tafakari jibu hilo. Wanamwamuru awatege. Wanajua kwamba kinachokuja ni mtego, wanajua anayeutega, wanamwona uso kwa uso, na wamekubali. Wakiweza, wanautegua. Wakishindwa wanampa mji, naye anausifu kidogo kisha anawafungulia. Bibi zetu walitufundisha kwa mchezo kwamba mtego wa halali ni ule ambao mtegaji yuko wazi mbele yako, na mwisho wake ni wewe kutoka na kitu ambacho hukuingia nacho. Nikiombwa kuchagua somo moja la Kiswahili lirudishwe katika kila darasa la msingi, nitalichagua hilo.

Lugha hii ilikuwa na jina kwa kila aina ya kunasa, na inanisikitisha kuona majina yanavyotutoka. Mtoto wa leo ana mtego mmoja, wa panya, wa dukani, wenye waya. Mzee wake alikuwa na tanzi la kamba lililofichwa kwenye kijia cha paa. Alikuwa na ulimbo, utomvu mzito wa mti kama mfenesi unaopakwa kwenye kijiti ili ndege akitua asiweze kunyanyuka. Alikuwa na rima, shimo refu lililofunikwa matawi kwa ajili ya mnyama mkubwa. Baharini alikuwa na uzio, ukuta wa fito unaosimamishwa maji madogo: bahari ikijaa samaki huingia, ikipwa hujikuta wamezungukwa. Na alikuwa na lema, ambalo Zanzibar wanaliita dema, lenye mlango mpana kwa nje unaosinyaa kama koo kuelekea ndani, hata samaki aliyeingia kwa urahisi asiuone tena alipoingilia.

Kati ya ndugu hao wapo waliohamia mjini. Mtambo, neno tunalolitumia kwa mashine ya umeme na ya kuchapa magazeti haya, lilikuwa na kazi nyingine: wazee walilitumia kwa kile kinachofyatuka ndani ya mtego, na kwa kile kinachofyatuka ndani ya bunduki. Ukienda Kongo, Lingala inakukumbusha undugu huo waziwazi. Motambo kule bado ni mtego. Sisi tulipoletewa mashine tukazitazama tukaona springi, tukaona kitu kimekazwa kinangoja kuachiwa, tukazipa jina la kitu tulichokijua. Nakumbuka hilo kila ninapoishika simu yangu. Ndani yake mna mitambo mingi, na mingine imerudi kwenye maana yake ya zamani.

Turudi Shanzu. Mtaa huu unaishi na shimo. Shimo la Tewa ni shule, na Shimo la Tewa ni gereza, na jina lenyewe linajisomea: pango la samaki aitwaye tewa. Mvuvi yeyote atakueleza tabia yake. Tewa hazunguki sana. Hukaa kwenye uwazi wa mwamba, rangi yake imefanana na jiwe, mdomo umefumba, akingoja kinachopita. Bahari haina mtegaji hodari kumpita.

Juni 2010 mahakama maalumu ilifunguliwa katika gereza hilo ili kusikiliza kesi za maharamia wa Kisomali. Walioletwa pale walikuwa hasa vijana waliokamatwa baharini, wenye mashua ndogo, ngazi na bunduki kuukuu. Meli za kivita za mataifa zilikuwa zimetega na kunasa. Lakini ni nani aliyewatega vijana wale kwanza? Nani alinunua mafuta ya mashua, nani alikuwa akingoja fidia nchi kavu, miguu mikavu? Kwa muda mrefu swali hilo lilielea tu. Kisha Oktoba 2013 Mohamed Abdi Hassan, aliyejulikana kama Afweyne, mmoja wa wakubwa wa biashara hiyo, alishuka kwenye ndege mjini Brussels akiamini amealikwa kuwa mshauri wa filamu kuhusu maisha yake. Waliomwalika walikuwa polisi wa Ubelgiji, waliokuwa wakimtafuta kwa utekaji wa meli ya Pompei mwaka 2009. Chambo kilikuwa sifa. Mwaka 2016 mahakama ya Bruges ilimhukumu kifungo cha miaka 20. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kinachowezekana pale watu wanapokataa kutosheka na aliyenaswa, wakapanda na kamba hadi kwenye mkono ulioishika.

Najua nitajibiwa kwa methali. Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Hutajwa kila baada ya msako, pale kijana aliyekuwa akirudi kazini hotelini usiku anapopakiwa garini pamoja na wengine. Wasemaji huitamka kama faraja, kana kwamba ndivyo dunia ilivyo. Mimi naisoma kinyume. Methali hii inamsemesha mtegaji. Inamwambia: ulichoweka gizani hakijui kuchagua, kwa hiyo atakayeumia pasipo kosa yuko shingoni mwako. Kuigeuza kuwa pole kwa aliyeumia ni kumfutia deni mwenye mtego.

Mtaani kwetu yupo binti, sitamtaja kwa jina wala nyumba, aliyepata ujumbe kwenye simu: kazi ya mapokezi hotelini, nchi ya Ghuba, tikiti imelipwa, pasipoti itashughulikiwa. Mama yake alinionyesha ujumbe ule baadaye, kioo cha simu kimepasuka kutoka pembe hadi pembe, naye akikifuta kwa ncha ya leso kila mara kana kwamba maneno yangebadilika. Nilichokiona ni ufundi. Aliyeuandika alijua kwamba mwenye kuusoma amesomea hoteli, hana kazi, na ni kifungua mimba. Alimwita "dadangu". Aliweka tarehe ya mwisho iliyo karibu ili asipate muda wa kuuliza. Ule ulikuwa mlango wa lema, mpana kwa nje. Ndani mlikuwa na kazi ya nyumbani ya saa zisizohesabika, pasipoti kabatini kwa mwajiri, na simu ya kuazima kila baada ya majuma mawili. Amerudi, Alhamdulillahi. Aliporudi mtaa ulisema nini? "Alijitia mwenyewe." "Tamaa." "Si alikubali?"

Sheria ya Kenya ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010 ina majibu bora kuliko mtaa. Inamtazama mtendaji: anayeandikisha, anayesafirisha, anayehamisha, anayehifadhi, anayepokea mtu ili anyonywe, kwa vitisho au kwa udanganyifu. Inasema pia kwamba ikiwa njia hizo zimetumika, kukubali kwa mwathiriwa hakuna uzito. Samaki huingia kwenye lema kwa mapezi yake mwenyewe, hakuna aliyemsukuma. Hilo halijawahi kumfanya mwenye lema aseme samaki ndiye mvuvi. Adhabu iliyowekwa ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Kwenye karatasi, basi, tumelijua neno. Ni katika mazungumzo ya barazani na vichwa vya habari ndipo tunapolisahau.

Tumelisahau vibaya zaidi kwa watoto. Mwaka 2006 UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu unyonyaji wa kingono wa watoto katika pwani hii, wakikadiria kwamba wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani walikuwa wakiingizwa humo mara moja moja au kwa misimu ya watalii. Shanzu, yenye hoteli zake zilizopangana kando ya maji, haiwezi kujidai ilikuwa mbali. Nakumbuka namna tulivyoizungumzia. Tulisema watoto "wamejiingiza". Kiambishi kile kidogo, -ji-, kilifanya kazi kubwa ya uovu. Kilimchukua mtu mzima mwenye pesa, dalali aliyempeleka, mwenye nyumba aliyekodisha chumba akafumba macho, kikawafuta wote watatu, kikambakisha mtoto peke yake, mtendaji na mtendwa wa jambo lililompata. Mtoto hajitegi. Lugha inakuruhusu kuunda neno hilo, lakini hakuna kitu duniani kinacholingana nalo.

Mikopo ya simu sitaikalia sana, kila msomaji ana kisa chake. Nitasema tu kwamba hadi Desemba 2021, Bunge lilipoipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali, mtu angeweza kuunda programu, kukukopesha shilingi mia tano kabla hujamaliza chai, kisha kuwapigia simu watu walio katika orodha yako kukuaibisha. Tuliita ule mtego wa madeni. Kumbe kulikuwa na watu, waliokaa wakafikiri kwamba aibu mbele ya shemeji na bosi inalipa haraka kuliko mahakama. Waliisoma tabia yetu kama mvuvi anavyomsoma samaki aina ya tafi.

Nilimwuliza mzee juu ya kusoma huko. Alisema lema halitupwi. Kuna maji ya bamvua na kuna maji mafu. Kuna mahali tafi anapita akifuata nyasi na kuna jiwe analopenda changu. Chambo ni mwani na kome waliopondwa. Boya haweki, watu wataiba. Hukumbuka mahali kwa kupanga alama za nchi kavu, mnazi huu uwe sawa na paa lile la hoteli. Na lazima arudi kulitazama. "Lema ukilitega ni kama umeweka ahadi," alisema. Kusi ikikukatia kamba ukalipoteza, litakaa chini huko likifanya nini? Wataingia samaki, watakufa, na mizoga yao itaita wengine. La fito litaoza, bahari itakusamehe. La waya halitaoza upesi. "Hilo halitegi tena," akasema. "Lanasa tu."

Hapo nilipata jibu la pingamizi lililokuwa likinisumbua mwenyewe. Ipo mitego, utaniambia, ambayo mtegaji wake hayupo. Umaskini wa familia iliyonyimwa hati ya shamba tangu enzi za babu, nani wa kumshika? Aliyeanza ameshakufa. Ni kweli, na sitaki kuifanya hoja yangu nyepesi kuliko ilivyo. Lakini fikiria mabomu tunayoyaita, kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, mabomu ya kutegwa ardhini. Aliyeyatega Msumbiji wakati wa vita huenda alikwisha kusahau njia aliyoyafukia. Yalibaki yakinasa miguu ya watu waliozaliwa baada ya vita kwisha. Hata hivyo hakuna aliyesema ndivyo ardhi ya Msumbiji ilivyo. Dunia iliandika Mkataba wa Ottawa mwaka 1997, watu wakashuka shambani kwa magoti, hatua kwa hatua, na Septemba 2015 nchi ile ikatangazwa kuwa imesafishwa. Kule kuliita silaha ile ya kutegwa kulikumbusha kila mmoja kwamba ilitoka mkononi mwa mtu, na kwa hiyo mkono wa mtu unaweza kuitoa.

Kitenzi cha kazi hiyo ni kutegua, na ndicho kipande cha neno hili ninachokipenda kuliko vyote. Kiswahili kina kawaida hii nzuri: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. Wasemaji wa kwanza walipokipa kitendo hiki jina walikipa na kinyume chake hapo hapo, kutoka mzizi ule ule. Kifundo cha mguu kikihama mahali pake twasema kimeteguka, kana kwamba hata mifupa yetu imetegwa ikae sawa. Kitendawili huteguliwa, bomu huteguliwa, tanzi huteguliwa. Lakini sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliposikia katika habari kwamba fulani ametegua mtego wa mikopo, au kwamba wilaya fulani imetegua mtego wa madalali. Waandishi wenzangu, na mimi nikiwamo, tumebaki na kunasa na kunasuka, vitenzi vya samaki.

Nilipoinuka kuaga niliona kwamba ubavuni mwa lema, kwenye pembe, mzee alikuwa ameacha uwazi mwembamba wima, na nikadhani ni kosa. Si kosa. Wapo watafiti waliofanya kazi na wavuvi wa malema wa pwani hii, Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan, waliochapisha matokeo yao mwaka 2013: ukiacha mwanya wa sentimita chache, samaki wachanga na wale bapa ambao soko haliwataki hutoka, wanaobaki huwa wakubwa zaidi, na pato la mvuvi hupanda. Mzee hakunitajia watafiti. Aliniambia tu kwamba mwanzoni aliona ni wazimu kulitoboa lema lake mwenyewe, na kwamba sasa halifumi bila mwanya huo.

Mjukuu wake alikuja na chupa ya chai na mahamri katika karatasi, msichana wa miaka saba au minane, sare ya shule ya jana bado mwilini. Babu akafuta mikono.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina nyumba, kuingia wengi, kutoka hakuna."

Msichana akacheka, akalinyooshea lema kidole. "Si hilo, babu!"

Mzee akatikisa kichwa. Akamvuta karibu, akamshika mkono, akaulaza ukawa bapa kama samaki, akauingiza kwenye mlango wa lema na kumwonyesha kwa ndani ule mwanya. Vidole vinne vikatokea upande wa pili, vikachezacheza juani. "Hili lina pa kutokea," akamwambia. "Fikiri tena."

Akafikiri, chai ikipoa. Kisha akampa mji.